Kenge Asiye na Kiuno

Ipo siku moja ambayo naikumbuka kwa pua kuliko kwa macho. Mwanangu, ukiniuliza ilikuwa mwezi gani nitakudanganya. Lakini harufu ya mpira ulioungua juu ya lami ya moto, pale njia ya Kikoneni inapotokea barabara kuu, harufu ile ningali nayo. Mpira ukiungua popote mimi huwa kijana tena, nimesimama kando ya gari lililolala upande, na mke wangu ameshika kiuno ananitazama.

Nitafika huko. Usinikimbize.

Juma lililopita walinijia vijana watatu kutoka Galu na pikapu kuukuu, umri wake sawa na wa baba zao. Wameiinua hata mtu apande kwa kigoda. Magurudumu kama ya trekta, na chini wameichomelea bamba la chuma ili mawe yasiikwaruze tumbo. Nikawauliza, "Mwabeba nini?"

Wakacheka. "Hatubebi kitu, babu. Twapanda mawe tu. Jumapili twatafuta mahali pabaya, twapita, twarudi."

Subhanallah! Sisi tulipita pabaya kwa sababu pazuri hapakuwapo. Lakini sikuwabeza, kila zama na mchezo wake, na kazi waliifanya vizuri, nasema kwa haki. Ila mmoja wao, yule mwenye kofia, akaniambia kilichobaki ni kuchomelea difu. Moyo ukanipasuka pa! Nikaanza kumweleza, simu yake ikalia, wakaondoka kwa vumbi. Basi nakuandikia wewe, mwanangu, maana kila kijana anayesoma ni mwanangu, nao wale wakiipata barua hii waisome. Mkono wangu ni wa spana, si wa kalamu, utanivumilia.

Enzi hizo nilikuwa dereva wa pikapu ya mjomba wangu, Mzee Salimu, hapahapa Msambweni. Nilikuwa napandisha mabati, chumvi na mafuta ya taa kwa watu wa juu vilimani, upande wa Kikoneni, nashuka na mahindi na mbuzi. Kabla ya kufika kwao kulikuwa na mteremko wa mawe matupu, hatua kwa hatua, na wenyewe walipaita Ngazini. Wenye magari walikuwa wakishushia mizigo chini, watu wanabeba kichwani. Mimi nikaapa nitapanda.

Nikaitengeneza ile pikapu kwa mikono yangu. Springi nikaziongezea vyuma vya lori bovu, ikainuka. Nikatia magurudumu makubwa, nikakata mabawa ya bati yanayoyafunika ili yasisuguane. Ikatambaa kwenye mawe imetanua miguu, na watoto wa kule wakaipa jina: Kenge. Nikalipenda jina hilo mpaka nikaliandika nyuma kwa rangi nyekundu.

Lakini Kenge alikuwa na ugonjwa. Kama hujui magari, nyuma, katikati ya magurudumu mawili, mna bakuli la chuma lenye meno ndani. Hiyo ndiyo difu. Kazi yake ni kuyaruhusu magurudumu yasiende sawa. Ukikata kona, la nje lina safari ndefu na la ndani fupi. Difu huliachia kila moja mwendo wake. Sasa kwenye mawe wema huo hugeuka ubaya. Gurudumu moja likining'inia hewani, nguvu zote hukimbilia huko, linazunguka kama pia, na mwenzake aliyekanyaga jiwe kasimama tu, anatazama. Nilikuwa nakwama hapo kila safari. Nikasikia kwamba dawa ni kuyachomelea yale meno yawe kitu kimoja, magurudumu yote mawili yaende sawa, yapende yasipende.

Nikampelekea rai hiyo Fundi Bakari, aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mfupi, mpole, hasemi mpaka amalize kufuta mikono, na mikono yake haikuwa ikiisha kufutwa. Akanishika bega akanipeleka mbele ya gari. Pikapu zile, kwenye kitovu cha kila gurudumu la mbele, zilikuwa na vifungo. Ukifika kwenye mawe unashuka, unainama, unavizungusha kwa mkono, na ya mbele nayo yanavuta. Ukirudi barabarani unashuka tena, unafungua.

"Aliyeliunda gari hili," akasema, "mbele amekuwekea kufuli na ufunguo wake. Wewe nyuma wataka kujenga ukuta?"

"Fundi, nataka kupanda Ngazini."

"Utapanda. Mpanda ngazi hushuka. Ukishuka utakuta lami, na lami ina kona." Akayaangalia magurudumu, akacheka kidogo. "Wamwita kenge. Umewahi kumwona kenge akipanda ukuta? Anajikunja hapa, anajikunja pale. Huyu wako atakuwa kenge asiye na kiuno."

Asiyesikia la mkuu, mwanangu, umalizie mwenyewe. Nilikwenda kwa mchomeleaji mwingine Ukunda, asiyenijua, nikachomelea.

Na sitakuficha, Kenge alipanda! Alipanda Ngazini kama anayepanda kitandani. Wanawake walipiga vigelegele. Barabarani, kwenye kona, magurudumu ya nyuma yakawa yanalia, kwii, kwii, nami nikiwaambia watu gari linaimba. Mpira ukawa waisha upesi. Sikujali. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, na mimi nilikuwa nacheza katikati ya ngoma yenyewe.

Sasa ya nyumbani. Mke wangu Nyamvula ni mtu wa huko juu, nilimwona katika safari hizohizo. Alinisaidia kushusha gunia la chumvi, akaniambia naliinua kama mtu anayeogopa kuchafuka. Nikaposa. Tulikaa vizuri mwaka wa kwanza. Lakini kijana akishapanda mawe yaliyowashinda watu huanza kuamini kwamba kila kitu hupandwa kwa njia moja. Nikawa mtu wa neno moja. Nikisema nimesema. Chai ikichelewa, neno. Mgeni wake akizidisha siku, neno. Nilidhani ndiyo uanaume.

Mama yake akaugua. Nyamvula akaniomba ruhusa, nikampa siku tatu. Siku ya tatu nikamfuata. Nikamkuta amemshika mamake mgongoni, anamnywesha uji kwa kijiko. Akaniambia, "Baba, hawezi hata kukaa peke yake. Niachie hata wiki mbili."

Nikajibu, "Nilisema siku tatu."

"Basi nenda," akasema. Hakupaza sauti.

Nikaenda. Mwanangu, hapa naona haya hata kwa karatasi: sikumpa pole yule mgonjwa. Nikapanda Kenge nikateremka. Na tangu hapo kila juma nilipita mlangoni kwao na mizigo ya watu, napiga honi ndefu ili wajue nipo, sisimami. Miezi miwili. Mama akapona, mke hakurudi, nami ningekufa kabla ya kuuliza.

Aliyeingilia kati ni mjomba. Alisema, "Penye wazee haliharibiki neno. Kesho twaenda kumtaka mkeo, na wewe utaendesha na utanyamaza."

Tukaenda. Tulipokewa kwa heshima, tukapewa maji, tukaamkiana mpaka mbuzi na kuku wakaulizwa hali. Baba mkwe wangu alikuwa akivuta tumbaku yake kwa utulivu wa mtu asiye na gari. Mjomba akazungumza, akaomba radhi kwa niaba yangu, kwa maneno mazuri ambayo mimi sikuyasaidia hata kwa kikohozi. Mkwe akajibu, "Mke ni wenu. Lakini miguu ni yake. Muulizeni."

Nyamvula akatoka na sanduku lake la bati. Akasema mbele ya wote, akinitazama mimi, si mjomba, "Nitateremka nawe hadi lami. Pale kuna njia mbili, ya Msambweni na ya Vanga kwa shangazi yangu. Wewe hujaniambia neno. Nikifika pale bila neno, nashika ya Vanga."

Ngazini hadi lami ni mwendo wa saa nzima. Nilikuwa na saa nzima, mwanangu, na neno moja tu la kusema. Sanduku lipo nyuma, na magunia ya mahindi, na mbuzi wa heshima tuliyepewa, na mjomba amemshika mbuzi. Nyamvula yu kando yangu mbele. Neno likanijia mpaka hapa, kooni, nikalirudisha. Nikajiambia, nikishindwa leo nitashindwa kila siku. Nikaendesha.

Tukaiona lami. Kona ile ya kushoto ni kali, nayo lami ilikuwa kavu, inawaka jua. Nikazungusha usukani, gari likawa halitaki kuzunguka, lataka kwenda moja kwa moja. Nikakaza. Magurudumu yakalia, harufu ikapanda, nikaongeza mafuta. Tukasikia pa! kama mti unaovunjika, na nyuma ikaanguka upande wa kulia. Nikaona gurudumu langu mwenyewe linatupita, latangulia Msambweni bila sisi.

Nyuma mjomba akaita, "Shahada yangu imefika nusu! Nimalizie au niache?"

"Acha, mjomba, tuko hai."

"Na mbuzi?"

Mbuzi alikuwa amekwisha kushuka, anakula majani kando ya barabara.

Mwenye baiskeli mmoja akatufanyia hisani ya kwenda kumwita Fundi Bakari. Alipofika hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Alilala chini, akamwaga oili, akafungua bakuli la difu. Kisha hakuniita mimi. Akamwita Nyamvula. "Njoo, mama, utazame."

Akamwonyesha yale meno yaliyogandishwa, na ule mti wa chuma wa kuzungushia gurudumu uliokatika. Kamba hukatikia pabovu, akasema, lakini huu haukuwa mbovu, ulikuwa mzima, umechoka tu kuvutana na mwenzake. "Kwenye kona, mama, mmoja ana safari ndefu, mmoja fupi. Lazima mmoja amngojee mwenziwe. Mumeo ameyanyima magurudumu ruhusa hiyo. Kwenye mawe hayasemi, maana jiwe lateleza, yanaiba nafasi. Kwenye lami hakuna pa kuiba. Ndipo linavunjika."

Nyamvula aliinama akatazama kwa muda. Kisha akasema taratibu, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Fundi, huyu na nyumbani amechomelea hivihivi."

Fundi Bakari akaanza kufuta mikono.

Na hapo, wallahi, basi la Vanga likatokea. Likasimama lenyewe, maana watu hupenda kutazama gari lililovunjika. Utingo akaruka chini. "Vanga, Vanga! Dada, waenda? Sanduku liko wapi?"

Nyamvula aligeuka. Alinitazama mimi. Mjomba akatazama mbuzi. Mimi nilikuwa na oili mpaka kwenye viwiko, gari la watu limelala, jina Kenge limeandikwa kwa rangi nyekundu, na neno liko pale kooni lilipokuwa tangu Ngazini.

Nikasema, "Nyamvula. Mamako alikuwa mgonjwa, nami sikumpa pole. Zile siku tatu nilikosea. Ulikuwa na haki."

Basi lote lilisikia. Dereva alizima injini ili asikie vizuri, mbaya yule.

Utingo akauliza tena, "Dada, sanduku?"

Nyamvula akasema, "Sanduku liko chini ya magunia ya mahindi. Huyu atanishushia mwenyewe, nyumbani. Nendeni salama."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Difu nyingine ilipatikana, Kenge akarudi kazini, na Ngazini niliendelea kupanda. Fundi alinifundisha kupunguza upepo wa magurudumu nikifika kwenye mawe yapate kuyakumbatia, kwenda polepole kama anayetafuta sindano, na gurudumu likining'inia, kushuka nilijengee mawe chini yake. Ilichukua muda zaidi, lakini sikubaki njiani. Na kila niliporudi kwenye lami nilisimama palepale, nikatia upepo, nikainama mbele ya kila gurudumu, nikafungua vifungo. Nyamvula alikuwa akiniona. Siku moja niliingia nyumbani na uso wa mawe, nikaanza neno langu. Akaniuliza tu, "Umefungua?"

Mpaka leo, nina mvi mpaka za nyusi, huniuliza vivyo hivyo.

Sasa nasaha, mwanangu, niiseme wazi, maana mimi huzunguka sana. Iinue pikapu yako, lakini si zaidi ya inavyohitaji. Ikinge tumbo, upunguze upepo, uyapande mawe ukipenda, Jumapili si dhambi. Lakini ukiwa utarudi nyumbani kwa njia ya watu wote, usichomelee unachoweza kufunga na kufungua. Na wewe mwenyewe ni vivyo hivyo. Dunia ina mahali pa kukaza, na asiyejua kukaza hapandi. Ukimaliza kupanda, shuka kitini, uiname, ufungue kwa mkono wako, kabla hujafika mlangoni kwa wanaokupenda. Hayo hawezi kukufanyia fundi. Na kama una neno la kumwambia mtu, limwambie Ngazini, usingoje lami.

Mola akupe nguvu za kupanda na kiuno cha kukunjika. Akulinde na kona zilizo mbele yako usizoziona. Na kila ukishuka salama, akukutanishe na mtu wa kukuuliza kama umefungua, na akujalie kumpa jibu la kweli. Amin.