Majivu Kwenye Tangi la Samaki

Baba alipofariki nilimchukua mama kutoka Kihagara, kijijini kwetu kando ya ziwa, nikamleta kwangu Mbinga, milimani, nikitaka akae moja kwa moja. Nikamwambia apumzike. Mtu aliyezeeka akianika usipa, dagaa wa ziwani, na kusugua vyombo ufukweni, unamwambia apumzike! Alizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Baridi ilimtesa, majirani walizungumza Kimatengo asichokijua, na mikono, alisema, ilikuwa inamwasha kwa kukosa kazi.

Mimi nafundisha kemia sekondari. Anasa yangu ni tangi la kioo sebuleni, lenye samaki wadogo wa mstari wa bluu niliowanunua Dar es Salaam. Mama aliwatazama akacheka.

"Mwanangu, hawa hata usipa wanawashinda ukubwa. Mboga ya nani hii?"

Asili yao ni mito yenye maji machachu kidogo, na maji ya chemchemi za huku milimani yanawafaa. Basi siku moja nikarudi kutoka shuleni nikakuta tangi linang'aa kuliko siku niliyolinunua. Mama alikuwa amesugua kioo na mawe ya ndani kwa majivu, akaondoa ukijani wote. Kwetu ziwani sufuria haijaoshwa mpaka ipite kwenye majivu. Alisimama pembeni akingoja asifiwe.

Samaki walikuwa juu kabisa, wanatweta. Nilichota maji, nikadondoshea dawa ya kupimia uchachu. Badala ya njano niliyoizoea, yakawa bluu. Majivu yalikuwa yamemaliza uchachu wote.

"Mama, tafadhali, usiguse tena," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ile ya darasani.

Haraka haraka haina baraka, nalijua hilo, na bado nilikimbilia siki. Maji yakarudi njano, nikafurahi. Kabla ugali haujaiva yalikuwa bluu tena, maana majivu yalibaki kwenye changarawe ya chini ya tangi. Nikamimina tena. Samaki wawili wakageuka matumbo juu. Mwalimu wa kemia huyo! Samaki huvumilia maji yasiyompendeza. Kinachomuua ni kuyumbishwa.

Nikaacha siki. Niliosha changarawe mpaka maji yakatoka meupe. Kila siku nikatoa jagi moja la maji ya tangi na kurudisha jagi la maji ya mvua yaliyochanganywa na ya chemchemi, kwa kuwa ya mvua peke yake hayana madini ya kuyashikilia yasiyumbe. Nikatumbukiza majani makavu ya mpera, ambayo huchachua maji polepole. Dawa ni hiyo tu, na kungoja. Kungoja sikuweza. Nikifumbua macho naenda kupima, nikitoka kazini napima, chaki bado mikononi. Kula nilisahau. Nilimkasirikia kila mtu, hata mvua ilipochelewa.

Mama alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Hata vyombo hakuvigusa mpaka nirudi. Jioni aliuliza swali lile lile: "Hawajambo leo?"

"Maji ni kijani," nilimjibu, bila kugeuka. "Bado hayajafika njano."

Hatimaye yakawa njano, kesho yake njano, na keshokutwa. Samaki walishuka chini wakaanza kucheza kwenye majani. Nililia kwa furaha mbele ya tangi, nikamwita mama aje aone.

Alikuja akiwa amevaa khanga zake za safari, begi mkononi.

"Nimewaona. Wamepona," alisema. "Sikutaka kuondoka nimekuachia msiba. Sasa nirudi Kihagara."

Niliwaka. "Kwa sababu ya samaki, mama? Nani amekwambia samaki ni bora kuliko wewe? Nitawagawa leo hii!"

"Usiwagawe, wamekutesa sana." Akaweka begi chini, akajifunga khanga vizuri. "Lakini tangu siku ile, mwanangu, ukiamka unakwenda kwao. Hujanisalimia hata asubuhi moja."

Nilitafuta asubuhi moja ya kumtajia. Sikuipata.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba," aliitikia, akainua begi lake.