Sindano ya Nyanya Katika Mkono Wangu

Niungame mapema kabla hujasikia kwa wengine: ni mimi niliyevaa gauni la nyanya yangu, nikajifunga leso yake kiunoni na kitambaa chake kichwani, nikaingia zahanati mjini Kisii na kuchanjwa homa ya manjano badala yake. Nilikuwa kidato cha pili, nina miaka kumi na tano na sauti inayovunjika kila baada ya maneno matatu. Sikulazimishwa. Wazo lilikuwa langu, na wakati huo nililiona kuwa wazo zuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Hilo linaonyesha hali ya yale mengine.

Chanzo chake kilikuwa meli. Nyanya alikuwa na rafiki mjini, bibi wa Kihindi, mama wa mwenye duka la vitambaa. Walijuana tangu nyanya akiwa msichana wa kuuza ndizi mlango kwa mlango, na yule bibi akiwa bi harusi mgeni asiyejua hata kuomba maji. Nyanya alimfundisha Kikisii, na sasa Kikisii chake kilinyooka kuliko changu, hasa upande wa matusi. Yule bibi alikuwa hajarudi kwao tangu aolewe. Mwaka huo mwanawe akaamua kumpeleka Bombay kwa meli akamwone dada yake, ambaye naye alikuwa amezeeka. Bibi akakubali kwa sharti moja: aende na rafiki yake. Nyanya asipokwenda, naye haendi. Basi.

Nyanya, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka kwetu Sironga hadi Kisumu kung'oa jino, alisema sawa, kama mtu anayekubali kwenda kuteka maji.

Kukawa na shida moja. Kule Bombay hawakutaka mtu kutoka Afrika ashuke melini bila kijitabu cha manjano chenye muhuri, kwamba amechanjwa homa ya manjano na siku kumi zimepita tangu sindano. Bila kijitabu, hata Mombasa hupandi meli. Na mjini kwetu mtu aliyekuwa akichanja wasafiri na kugonga muhuri huo alikuwa mmoja tu: mume wa shangazi yangu. Yaani mkwe wa nyanya.

Kama hukuzaliwa Gusii utauliza, sasa shida iko wapi? Shida ni chinsoni. Ni ile heshima ya aibu iliyo kati ya mtu na mkwewe. Mkwe hampi mama mkwe mkono. Hali chakula naye. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye shamba la chai na kujifanya anatafuta kitu. Sasa mwambie mwanamume huyo amshike mama mkwe bega tupu, alipanguse kwa spiriti, amdunge. Afadhali umwambie acheze naye dansi.

Jumatatu hiyo nilitoroka shule ili nimsindikize. Tulifika mlangoni pa zahanati, nyanya akasimama kama ng'ombe aliyeona daraja.

"Siingii," alisema.

"Magokoro," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, "na meli je?"

"Meli isubiri. Mimi nimfunulie mkono mume wa binti yangu? Nitamtazamaje Mungu siku ya Sabato?"

"Basi nipe gauni."

Alinitazama. Kwa mila yetu bibi na mjukuu ni watu wa utani. Yeye huniita mume wangu na kunilaumu kwamba sijengi nyumba, nami humwambia natafuta mke mwenye meno. Hakuna ninachoweza kumwambia akashtuka. Tena tulikuwa kimo kimoja, na kwa sababu ya baridi ya kwetu nyanya huvaa magauni mawili, moja juu ya jingine. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Usilitoboe," alisema, akaanza kufungua vifungo.

Alinivalisha nyuma ya choo cha zahanati. Alinifunga kitambaa kwa nguvu hadi nyusi zikapanda. Kisha akaketi kando ya ua na kuanza kufuma kikapu, kama mtu asiyehusika kabisa.

Sikiliza sasa jinsi mila ilivyonisaidia. Mfagiaji alipokwenda kumwambia mume wa shangazi, "Mama mkwe wako amekuja," nilisikia kiti kikianguka. Mtu alikohoa. Pazia likavutwa katikati ya chumba, nikaambiwa niketi upande huu, niutoe mkono tu. Yeye alibaki upande ule. Na hata mkono wenyewe, nilisikia kwa sauti yake kwamba alikuwa ameupa kisogo, anazungumza na ukuta.

"Mama, nisamehe. Nesi wa kike yuko likizo ya uzazi. Kazi ni kazi."

"Haidhuru, mwanangu," nikajibu kwa sauti nyembamba kama ya mbu.

"Kuna maswali ya fomu, mama. Ulizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka wa nzige."

"Nzige wa kwanza au wa pili?"

"Wa kwanza. Wa pili walinikuta na mume."

Akaandika. "Chanjo hii hutengenezwa kwa mayai. Mayai yanakudhuru ukila?"

"Yananidhuru nisipokula."

Akaandika tena, polepole zaidi. Halafu nikasikia kalamu imesita. Baadaye niliiona ile fomu, nikajua swali lililofuata lilikuwa kama msafiri ana mimba. Mtu yule alivuta pumzi, akaikata nusu, akavuta nyingine. Mwishowe akajijibu mwenyewe bila kuuliza, na mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Sindano ikaingia. Nilikuwa nimejiandaa kulia kwa sauti ya kike, lakini nilichotoa ni "Uuui!" nzito kama ya fahali.

"Pole, mama! Una mafua?"

"Baridi ya Sironga," nikanong'ona, nikachukua kijitabu na kutoka, nikichechemea vizuri kabisa kwa mguu ule nyanya asiochechemea nao.

Wiki nzima nilikuwa mfalme. Nyanya aliniwekea maziwa lala ya kwanza kabla ya mtu yeyote. Kijitabu alikitia ndani ya Biblia, na kila mgeni alionyeshwa muhuri, asome kurasa zote. Mimi sikuona hatia. Nilijiambia Bombay wanataka karatasi, na karatasi ipo.

Jumatatu iliyofuata nikaamka mwili unauma, kichwa kinagonga kama kinu. Mume wa shangazi alikuwa amemwonya "mama" kwamba sindano ile inaweza kuleta homa kidogo baada ya siku kadhaa, lakini sikuwa makini, nilikuwa nashughulika na kuchechemea. Mama yangu akanigusa paji la uso, akasema ni malaria, akanikokota zahanati. Yeye akabaki kwenye benchi nje. Mimi nikaingia.

Safari hii hapakuwa na pazia. Mume wa shangazi alinisalimu vizuri, akanikunja mkono wa shati, akageuza kiganja juu. Akaganda.

Nikaangalia anachoangalia. Mimi hujichora saa mkononi kwa kalamu ya wino. Naichora upya kila inapofifia, mshale daima kwenye saa kumi na robo, wakati wa kengele ya kwenda nyumbani. Nimeizoea hata siioni.

"Hii saa," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Wiki iliyopita niliiona hii saa."

Akaketi. Alizungumza polepole, kama anayetua mzigo. "Wiki nzima silali. Nilitupa jicho mara moja tu, nipate pa kudunga. Nikaona mama mkwe amejichora saa. Nikasema, labda uzee. Nitamwambiaje mke wangu kwamba mama yake ameanza kujichora? Nikasema, labda ni mambo ya kanisa. Nikaangalia kwenye Biblia!"

Nilicheka. Ningeweza kuvumilia yote, lakini picha ya yule mtu akitafuta saa ya wino katika Mambo ya Walawi ilinishinda. Nilicheka hadi homa ikapanda.

Yeye hakucheka. Alifungua kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kidole.

"Wewe umekingwa kwa miaka kumi, na huendi popote," alisema. "Nyanya yako hajakingwa hata kidogo, na mimi nimetia sahihi kwamba amekingwa. Kijitabu hicho nakifuta. Meli inaondoka baada ya siku kumi na mbili. Sindano inataka kumi. Asipochanjwa kesho, hakuna safari. Na yule rafiki yake naye haendi, na dada yake kule anaendelea kuzeeka. Umeelewa ulichofanya?"

Hapo kicheko kikaisha. Akamwita mama ndani, akamweleza yote. Mama hakunipiga. Hakunifokea. Alinitazama tu, akasema "Ahaa." Nakwambia, kiboko kina mwisho, "ahaa" ya mama yangu haina.

Kesho yake tulikusanyika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa: nyanya, rafiki yake, mama, na mimi mhalifu. Mume wa shangazi, mtu muungwana, alikuwa ameazima nesi wa kike kutoka misheni, mwanamke mnene mpole, mgeni asiye na ukwe na mtu yeyote pale. Yeye mwenyewe alisimama nje barabarani na muhuri wake, ametupa mgongo. Chinsoni ilikuwa imetunzwa kila upande.

"Sasa mama, hakuna aibu tena," nesi alisema. "Nipe mkono."

Nyanya akautia mkono chini ya leso.

"Leo ni Jumanne," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi damu yangu Jumanne haiko sawa."

Tukatazamana. Nesi akaweka sindano kwenye sahani, nayo ikalia ting, na nyanya akaruka kidogo kitini. Nikaelewa. Nikamwona na mama ameelewa.

"Magokoro," nilisema, "kumbe haikuwa mkwe. Unaogopa sindano!"

"Nyamaza, mume usiyejenga."

Rafiki yake aliweka mikono kiunoni. "Wewe! Umezaa watoto tisa, unaogopa kitu chembamba kama uzi?"

"Watoto walikuwa wanatoka," nyanya alisema. "Hii inaingia."

Akamgeukia nesi na kuuliza kama haiwezekani kuandikiwa barua tu, kwamba yeye amezeeka na homa yenyewe haitaona faida kumshika. Nesi akasema barua iko, lakini ni ya mtu ambaye daktari amemkataza kuchanjwa kwa ugonjwa. Hata hivyo kule bandarini wanaweza kumfungia chumbani siku kadhaa wamwangalie, na yeye nesi aonavyo mama ana afya ya punda.

"Basi nifungiwe," nyanya alisema.

Yule bibi wa Kihindi alikwenda kwenye sanduku lake la bati lililokuwa tayari limefungwa kamba, akaifungua, akainua kifuniko. Akatoa chupa ya achari ya maembe, akaiweka rafuni. Akarudi, akatoa blanketi, akalikunjua, akalitundika.

"Unafanya nini?" nyanya aliuliza.

"Napakua. Nani atakaa baharini na mimi, samaki? Nimemwandikia dada yangu kwamba nakuja na yule mwanamke aliyenifundisha kuomba maji. Nitamwandikia tena." Akatoa chupa ya pili. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Ataelewa. Yeye pia ni mzee."

Chupa ya tatu ilikuwa ya pilipili. Aliishika muda mrefu kuliko zile nyingine, akiipangusa kwa ncha ya sari yake ingawa haikuwa na vumbi.

"Rudisha hiyo pilipili," nyanya alisema.

Akafunua bega. Kwa mkono wa pili akanishika mimi, palepale nilipokuwa nimedungwa, akaniminya. Nesi akafanya kazi yake. Mimi ndiye niliyepiga kelele, nyanya hakutoa hata pumzi. Nje tukasikia mume wa shangazi akiiuliza barabara, kwa wasiwasi, "Mama amepona?"

"Huyo ni mjukuu," mama akamjibu. Kisha nesi akampelekea kijitabu kipya, nacho kikagongwa muhuri dirishani.

Siku tisa zilizofuata nilihamia nyumbani kwa nyanya na mto wangu. Mtoto aliyekimbilia kwa nyanya yake hapigwi, hiyo ni sheria nzee kuliko serikali, na mama aliiheshimu. Kila nilipopita uani alikuwa akipeta wimbi, hasemi neno. Nyanya alinilisha, akanitania, akanitumia kumkagua bega mara tatu kwa siku kama limeoza.

Asubuhi ya safari, gari la duka likaja kumchukua wakapande treni Kisumu. Rafiki yake alikuwa kiti cha nyuma na chupa zake zote. Nyanya akapanda na magauni yake mawili, Biblia mkononi, kijitabu ndani yake, siku zake kumi zikikaribia kutimia. Akatoa kichwa dirishani, akanipigia kelele mbele ya majirani, "Mume wangu, nikirudi nikute nyumba!" Gari likashuka bonde, likapanda upande wa pili, likakata kona ya mikalitusi, likapotea.

Mimi na mama tulibaki tumesimama, mikono bado juu. Mama akaushusha wa kwake, akajifunga leso vizuri kiunoni, akanigeukia.

"Nasikia homa ya manjano haitakugusa kwa miaka kumi," alisema. "Chanjo ya kukukinga na mimi bado haijaletwa."