Taa Mbili Juu ya Dzaleka

Mpaka leo, ndege ikishuka kuelekea uwanja wa Lumbadzi, mngurumo wake hunikuta nimeshasimama. Watoto wangu hunicheka, nami hucheka nao. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kwetu aliyeumwa kuliko wote alikuwa mama.

Vita vya pili vya Kongo vilipoanza, ndege ziliangusha mabomu kijijini kwetu Fizi jioni moja, na dada yangu mkubwa, Sifa, akafa. Msimu wa mvua uliofuata ulitukuta Malawi, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, baba akishona kwa cherehani ya kukodi. Kila mawingu yalipopasuka jioni, zilionekana nyota mbili kubwa upande wa jua kuchwa, zikisogeleana siku hadi siku. Majirani walizisifu. Mama alituita ndani, akazima koroboi, akafunga kifurushi cha vitenge na unga.

“Ile si nyota,” alisema. “Njo taa za ndege. Iko nakuya polepole. Baba Sifa, twende Zambia.”

Baba aliapa kwamba hahami tena, ndiyo kwanza amepata wateja. Basi sisi watoto tulilala na viatu miguuni, maana mama ndiye aliyetuvalisha. Miguu iliwasha, na kila mlango wa jirani ulipobamizwa tuliketi. Nilichoka sana.

Katika wateja wa baba kulikuwa na mwalimu wa sayansi wa Chilinde, Lilongwe, mwenye darubini uani kwake. Alimwambia baba kwamba zile ni sayari, Zuhura na Mshtarii, na kwamba zitakaribiana karibu kugusana. Baba akapata wazo: wapige picha. Picha ingemaliza maneno.

Alinichukua hadi kwa mwalimu. Ua ule ulinuka udongo wa mvua na nsima, ugali wa kwao, iliyoungua. Mawingu yalitanda, baba akawa anatembea huku na huku mpaka akakanyaga bata wa mwalimu. Mwalimu aliifunga kamera kwenye darubini kwa mpira wa sketi ambao baba aliutoa mfukoni. Ghafla magharibi pakafunguka.

“Taonani!” mwalimu akatuhimiza tutazame, akanipisha niweke jicho kwanza. Niliona vitufe viwili vinang'aa, na kando ya kimoja vinukta vimejipanga mstari. Hapakuwa na mabawa. Nilitamani mama angekuwa pale nimvute kwa kitenge chake aone. Kisha kamera ikalia, cha!

Picha ilichelewa, kwa sababu mwalimu hakukubali kuitoa filimu kabla haijaisha. Tukangoja harusi ya shemeji yake ndiyo iimalize. Baba alipoileta, jua lilikuwa limezama. Mama aliishika kwa ncha za vidole, akatoka nayo nje, akatazama juu, akaitazama tena.

“Hapa ziko pamoja,” akasema. “Sasa ziko mbali. Zimetembea ao hazijatembea?”

“Zimetembea, lakini...”

“Hata siku ile kule Fizi uliniambiaka lakini. Mi nilisema tukimbie, ukanicheka mbele ya bantu. Sifa iko wapi?”

Mimi nilikuwa na majibu yote ya mwalimu kichwani, nikangoja baba ayatumie. Yeye aliingia ndani, akachukua shati lake la ibada na mkasi wake wa kazi, akavitia kwenye kifurushi, akakifunga upya mwenyewe.

“Ukisema twende, tunaenda,” akamwambia. “Hata sasa hivi.”

Mama aliketi mlangoni akalia, mara ya kwanza tangu Fizi. Kisha akatuvua viatu. Hatukwenda popote.

Kwa miaka mingi niliona kwamba baba alishindwa jioni ile, tena akiwa na ukweli mkononi. Nimekuwa mzazi ndipo nikaelewa kwamba mama alikuwa ameshajua zile si taa za ndege. Anayeogopa taa hatoki nje kuzitazama. Alichongoja ni baba akiri kwamba angemsikiliza, Sifa angekuwa hai. Baba alikiri kwa shati na mkasi. Kwa mdomo hakuweza, mpaka tunamzika.