Amotisa Mpya za Mbele

Go, go, go. Mlio ulitoka nyuma ya jeep yangu kuukuu, ndipo nikatazama kwenye kioo. Mama yake Furaha, msichana niliyetaka kumwoa, alikuwa ameng'ang'ania kiti, kitambaa kimemwangukia machoni. Kwetu mkwe haketi bega kwa bega na mama mkwe, basi kwa heshima nilimweka nyuma, na tangu tulipoondoka Kamanyola nilikuwa nikijisifia amotisa mpya zinazotuliza gari mashimoni.

“Baba, hizo mpya uliweka wapi?”

“Mbele tu, mama.”

“Kwenye unakaa weye.”

Nilitamani ziwa lililokuwa kando ya barabara linimeze. Jumapili tulikuwa tupeleke posa.

Tulipofika Mulongwe, mtaani kwake, mama alishuka, mkono kiunoni.

“Na Furaha wangu, utamukalisha wapi?”

Aliingia kwake, akafunga mlango.