Televisheni Inayochagua Watu

Televisheni ya kwetu ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, na uzito wake ulikuwa wa kabati lenye nguo ndani pamoja na mwenye nguo. Baba aliinunua mnadani, hoteli moja ya ufukweni kule Kunduchi ilipokuwa inabadilisha vyombo. Ililetwa Temeke kwa pikapu, wanaume wa mtaa wakaishusha kwa kelele nyingi kuliko nguvu, na mlango wa mbele ukang'olewa bawaba ili ipite. Mlango uliporudishwa haukufunga sawasawa tena. Sina kinyongo na televisheni, ila ule mlango naukumbuka.

Ilikuwa miaka ya ruksa, vitu vimeanza kuingia nchini kwa fujo, na watu waliozoea kupanga foleni ya sabuni sasa wanabishana rangi ya friji. Vituo vya televisheni vya huku kwetu bara ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza, tena vikionyesha jioni tu. Wenzetu wachache wa mtaani waliokuwa na televisheni walikuwa na zile ndogo za kioo zinazokaa juu ya meza. Ya kwetu haikuwa hivyo. Ndani yake mlikuwa na taa tatu, nyekundu, kijani na buluu, zinazomulika kioo kikubwa cha kujitazamia, na kile kioo kinairusha picha kwenye kiwambo cha plastiki kilichoko mbele. Ni sinema iliyofungiwa kwenye sanduku. Ndivyo Baba alivyowaeleza wageni, hata wale ambao hawakuuliza.

Baba alikuwa karani bandarini, na aliamini kwamba chombo kisicho na kitabu chake ni mzigo tu. Televisheni ilikuja na kitabu, cha Kiingereza, na Baba alitutafsiria chote, yeye kitini, sie mkekani, mithili ya darsa. Sehemu aliyoipenda kuliko zote aliipa jina la "hali ya kawaida". Ukiwasha, picha inakawia kuja: hali ya kawaida. Kabati likipata joto linalia "ta!" kama mtu kavunja ukuni: hali ya kawaida, hiyo ni mbao inajinyoosha. Feni inavuma kwa nyuma, iacheni ivume. Mama alikuwa amefuma kitambaa cheupe cha kuitandika kwa juu, maana nyumba gani ya heshima inaacha redio au televisheni uchi? Baba akakitoa. Alisema kitateleza nyuma kizibe matundu ya hewa. Mama akakikunja, akakirudisha sandukuni, na hakusema kitu. Mama kutosema kitu ilikuwa nayo hali ya kawaida.

Na palikuwa na ukurasa huu, ambao Baba aliusoma mara nyingi kwa sauti ya kuridhika: ukiitazama kutoka pembeni, au ukisimama, au ukikaa chini mno, picha itafifia. Huo si ubovu. Picha kamili ni ya anayekaa katikati, macho yakiwa usawa wa kiwambo.

Aliyekaa katikati, macho yakiwa usawa wa kiwambo, alikuwa Baba.

Kiti cha Baba hakikuwa na sheria. Sijawahi kuona mtu akikatazwa kukikalia, kwa sababu sijawahi kuona mtu akijaribu. Na televisheni haikuwashwa bila yeye. Kazini alikwenda na rimoti mfukoni mwa shati, kwani kitabu kilisema zile taa zinachoka, na akitoka kwenda kuswali Isha alizima kwanza. Wageni walikaa kwenye makochi yaliyoegemezwa ukutani, huku na huku. Mie na Mama na wadogo zangu tulikaa mkekani, karibu kabisa na kabati, tukiinua shingo.

Tulichokuwa tunakiona kutoka pale ni sauti. Sauti ilikuwa nzuri sana. Picha ilikuwa giza lenye watu ndani yake, wanapita kama tunavyopitaga sie wenyewe siku za mgao wa umeme, unamjua mtu kwa kikohozi. Palikuwa na tamthilia moja ya kigeni ambayo Mama hakuikosa hata siku moja. "Hivi hawa watu hawana mchana?" aliniuliza. "Kila jambo lao usiku. Posa usiku, mazishi usiku." Nikamwambia labda kwao jua halitoki sana. Akaona inawezekana.

Sasa, televisheni ya mtu mmoja Temeke ni ya mtaa mzima, hilo nalo halikuandikwa popote. Siku za mwanzo watu walijaa mlangoni na dirishani, wamesimama, na aliyesimama anaona kiwambo cheusi kinachoongea. Walivumilia kwa adabu. Halafu wakaanza kuulizana.

Mambo yaliharibika Ijumaa moja. Zile rangi tatu zilikuwa na tabia ya kuachana, msomaji wa habari anaota mdomo mwekundu kando ya mdomo wake, na kitabu kilitaka zirudishwe pamoja mara kwa mara. Baba alifanya hivyo kila Ijumaa akitoka msikitini, na kanzu yake mwilini. Alifunga mapazia. Alibonyeza rimoti mpaka kiwambo kinatoa alama kubwa ya kujumlisha, inang'aa gizani, naye anaisogeza kidogo kidogo huku akinong'ona, "Nyekundu kushoto... kushoto... buluu shuka..." Shoga yake Mama, muuza vitumbua wa nyumba ya pili, akapiga hodi akaingia bila kungoja karibu, kama alivyofanya miaka yote. Akaona giza, kanzu, mng'aro, na mume wa shoga yake ananong'ona. Akarudi kinyumenyume. Kikapu chake alikisahau kwetu, na alimtuma mtoto kuja kukichukua.

Kufikia Jumamosi mtaa wote ulikuwa na jibu. Kuzindika nyumba si ajabu kwetu. Mtu akijenga au akifungua duka huita mganga, akafukiza, akafukia vitu pembeni, ili mwenye kijicho asimdhuru. Ila kuzindika televisheni! Wakasema ile ya kwetu inachagua watu: mwenye roho safi anaona picha, mwenye husuda anaona giza. Basi nani atakubali kuja kupimwa roho yake mbele za watu? Dirisha likabaki wazi, pasiwe na kichwa hata kimoja. Yule shoga akawa anamsalimia Mama kwa mbali, na Mama aliumia, nilimwona.

Baba alipoambiwa aliuliza swali moja. "Wamesoma kitabu?"

Ingeishia hapo, ningecheka na kusahau. Lakini mie nilikuwa na posa njiani. Kijana alikuwa wa Kipawa, ana duka dogo la vipuri vya baiskeli, na nilimpenda. Sioni sababu ya kuzunguka mbuyu. Nilimpenda mpaka chakula kikawa hakipiti. Baba yake alishafariki, alilelewa na shangazi yake, na kwao neno la shangazi ndilo la mwisho. Wiki ile alinisubiri njiani nikitoka kazini, uso umemshuka.

"Shangazi kasikia habari ya ile TV yenu," akasema. "Atakuja mwenyewe na mshenga. Anasema nyumba yenye mambo hayo hanipeleki."

"Mambo gani? Ni mashine!"

"Mie najua. Kamwambie yeye."

Jumapili jioni walikuja. Mama alikuwa amemwomba Baba jambo moja tu, asiiwashe. "Nikizima leo," Baba akasema, "nitakuwa nimekiri." Nilitamani kulia kwa hasira, kwa sababu alikuwa na haki, na haki yake ilikuwa inakwenda kuniponza.

Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, na macho yasiyopepesa. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu." Aliketishwa kwenye kochi zuri kuliko yote, la ukutani kulia, lile la heshima, ambalo mtu akikaa hapo haoni chochote. Mshenga, mzee mwembamba wa kofia, akawekwa la kushoto. Baba akakaa kitini kwake, akawasha. Picha ikakawia. Ikaja. Yaani, ilimjia yeye.

Nilipita na juisi ya ukwaju. Kutoka kwenye kabati zikatoka kelele za watoto wanashangilia, tangazo la sabuni, nalijua kwa wimbo wake. Mshenga akaona heshima inamtaka aseme neno.

"Goli safi kabisa hilo," akasema.

Baba akamgeukia taratibu, akarudi kutazama sabuni yake.

Ikaja taarifa ya habari. Shangazi akaweka glasi chini. "Mie sijazoea kusema uongo nyumbani kwa watu," akasema. "Mie naona giza. Nimekaa hapa muda wote naona giza, na nasikia mtu anaongea humo ndani. Lisemwalo lipo. Kama nyumba imezindikwa niambieni niondoke, maana mtoto wa kaka yangu nimemlea kwa shida, simtii kwenye nyumba inayochagua watu."

Kabati likalia, "Ta!"

Mshenga akashika kofia yake. Mie nilikuwa nimesimama na sinia tupu, namtazama Baba: sema kitu, mzee wangu, kwa jina la Mungu sema kitu kizuri. Baba akachukua kitabu. Akavaa miwani. Akafungua ukurasa wake.

"Dada yangu," akasema, "kwa mtu aliyekaa upande huo, hiyo ni hali ya kawaida."

"Upande upi? Wa wenye kijicho?"

"Wa pembeni. Imeandikwa hapa."

"Basi nimeelewa," Shangazi akasema, akaanza kujifunga khanga yake vizuri, ile namna ya mtu anayetafuta viatu. Nikaona harusi yangu inajifunga khanga.

Mama alikuwa mkekani na sahani ya sambusa mapajani. Hakuinua sauti. "Baba watoto," akasema, "mpishe mgeni."

Baba hakuelewa. Nadhani alitafuta kwenye kitabu, kwa sababu macho yake yalirudi pale ukurasani.

"Mpishe mgeni akae hapo ulipo."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia Mama akimwamuru. Na Baba, sijui kama ni aibu ya wageni au ni mshtuko, akainuka. Makochi yalikuwa ya wageni. Akasimama kidogo katikati ya chumba chake kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake, kisha akakunja kanzu, akaketi mkekani, kando ya Mama.

Shangazi akakaa, akatazama mbele. Halafu, "Mtume! Kumbe dada wa watu kavaa kijani!" Akainamisha kichwa kushoto, akakirudisha. Akasimama, picha ikamzimikia, akakaa, ikawaka. Akafanya hivyo tena na tena, mtu mzima yule, mpaka khanga ikamdondoka kwa kicheko. "Na maua nyuma yake! Kumbe si uchawi, ni uchoyo wa mashine tu! Inampa mmoja, wengine wafe njaa!" Akamvuta mshenga kwa mkono, akamkalisha. Mshenga akatazama, akatikisa kichwa kwa utaratibu.

"Ndiyo," akasema. "Picha safi, kama nilivyosema."

Basi nikaposwa. Shangazi alitamka mwenyewe, kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya pili, na kabla sambusa hazijaisha yule muuza vitumbua alikuwa mlangoni anapiga hodi, safari hii akingoja karibu. Alikalishwa kitini naye, akaona, akamkumbatia Mama bila kueleza sababu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Katika furaha ile hakuna aliyemwangalia Baba, isipokuwa mie. Alikuwa bado mkekani, shingo ameiinua kama tulivyoinuaga sie, anakitazama kiwambo. Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akavaa. Akasogea nyuma kidogo, akasogea mbele. Ukurasa ule alikuwa ameusoma mwaka mzima.

"Mama watoto," akasema polepole, "hivi ndivyo mnavyoonaga siku zote?"

Mama alikuwa anakusanya glasi. "Hali ya kawaida," akamjibu.

Hakumjibu kwa kejeli. Ningemsikia. Nilimhurumia Baba, na palepale nikamkasirikia, na hayo mawili hayajaachana moyoni mwangu hadi leo.

Wageni walipoondoka kiti kilibaki kitupu. Baba hakunyanyuka. Muda wa ile tamthilia ulipofika alimwita Mama kutoka uani, akamwonyesha kiti kwa kidevu. "Kaa," akasema. Mama akajifuta mikono kwenye khanga, akakaa kwa ukingoni, kama aliyekuja kuomba chumvi. Picha ikaanza. Mwanamke wa kwenye tamthilia, yule tuliyemfuatilia miezi yote ile kwa sauti yake, alikuwa nje ya nyumba yao anaanika nguo.

Mama alitazama, mikono ameilaza magotini. Sie wa mkekani tukawa tunamtazama yeye.

"Kumbe mchana," akasema.