Sabuni Aliyokuja Nayo Mama Mkwe

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: je, mtoto wangu anaumwa, au ni mimi ninayemuumiza kila ninapomwogesha?

Binti yetu alikuwa hajatimiza miezi minne. Vipele vilianzia mashavuni, vikashuka shingoni, vikaingia katika mikunjo ya mapaja, kisha nyuma ya magoti, ambako ngozi ilipasuka na kutoa majimaji. Alikuwa akijisugua uso begani mwangu mpaka blauzi ikabaki na madoa ya damu. Niliogopa kidonda kimoja kiingiwe na uchafu, mwili uchemke, tumkimbize hospitali tukiwa tumechelewa. Nilikuwa nimesikia habari za namna hiyo, na mimi nikishasikia jambo situlii. Hulizungusha kichwani hadi nione kama limeshanitokea.

Tuliishi Migori mjini, katika ploti yenye nyumba nyingi na ua mmoja. Mume wangu alikuwa akifundisha shule ya msingi. Mimi nilikuwa na shahada ya ualimu wa sayansi na sina kazi, kwa kuwa miaka ile ajira ya walimu ilikuwa imesimama. Basi nilikuwa na muda mwingi wa kuwaza, na hiyo haikuwa baraka. Chuoni tuliwahi kupika sabuni maabarani kwa mafuta na soda kali. Tone la ile soda lilinitoboa koti. Sasa kila nilipoona povu kwenye tumbo la mtoto, niliona lile tundu.

Tulikuwa tumeanza na sabuni ya mche, ile ya kukatwa vipande, ambayo kila nyumba ya ploti ilifulia nguo, ikaoshea vyombo na kuogea watu. Vipele vikazidi. Nikaenda kwa mzee mmoja Mwislamu aliyetoka pwani na kufungua duka karibu na soko. Akanishushia sabuni ya watoto yenye harufu ya maua.

"Hii haina ukali?" nikamuuliza.

"Haina, mwanangu. Tazama, ina picha ya mtoto."

"Lakini picha si ushahidi."

"Ushahidi? Wewe wataka sabuni au wataka kesi?" Wateja wakacheka. "Chukua. Ikimwasha, niletee kitakachobaki, nitaogea mimi. Ngozi yangu ishazeeka, haina inachokiogopa."

Sikuitumia siku hiyo. Nilijipaka ya mche mkono wa kushoto na ya maua mkono wa kulia, nikaziacha zikauke, nikakaa mlangoni na mikono yangu imenyooka mbele kama mtu anayengojea kufungwa pingu. Mume wangu alinikuta hivyo alipotoka shuleni.

"Sasa unafanya nini, mama mtoto?"

"Nangojea kuwashwa."

"Na usipowashwa?"

"Basi nitakuwa sijui kama ni kwa sababu sabuni ni nzuri, ama ni kwa sababu mimi ni mtu mzima."

"Walikusomesha kweli huko chuo. Wamekusomesha mpaka umeshindwa kuosha mtoto."

Alicheka, lakini alipomwinamia mtoto na kuona shingo yake, kicheko kikaisha. Nilipomwogesha mtoto kwa ile ya maua nayo ikamwasha, hakunitania tena. Alituma ujumbe kwa mamake, kijijini kule Sindo.

Mama alifika na kuku na kifurushi cha omena, dagaa wa ziwani, na kabla hajamaliza chai alikuwa amenyoosha mkono apewe karai. Kwetu Wajaluo, mama mzaa baba akija kulea mtoto, karai ni lake. Mke wa mwana hupasha maji, hushika taulo, hunyamaza. Akafungua pindo la leso yake, akatoa kipande cha sabuni nyekundu kisicho na karatasi.

"Sabuni ya dawa," akasema. "Inatoka ng'ambo ya mpaka. Hii inafukuza kila kitu."

Harufu yake niliijua, au nilidhani naijua. Bwenini kwetu chuoni kulikuwa na wasichana waliojiosha uso kwa sabuni yenye harufu kama ile ili wawe weupe. Mmoja aling'aa muhula mzima. Kisha uso wake ukatoka mabaka, ngozi ikawa nyembamba kiasi kwamba jua la asubuhi tu lilimchoma. Watu walinong'ona kwamba ndani yake kulikuwa na zebaki. Lakini je, ilikuwa ndiyo hii? Sikuwa na karatasi ya kusoma wala mtu wa kumuuliza.

Povu lilipomgusa, mtoto alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Mama hakushtuka. Alimnyanyua kutoka majini, akamfuta kwa kiganja, akaanza kuita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, kama inavyofanywa mtoto anapolia bila kukoma. Huaminika kuwa kuna aliyetangulia anayetaka kuitwa kupitia kwake, na jina lake likitajwa, mtoto hunyamaza na kupewa jina hilo. Mama alipofika kwenye jina la mamake mwenyewe, mtoto akanyamaza, mdomo wazi.

"Umeona?" Mama alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Ni yeye. Ni mama yangu amekuja."

Niliona. Niliona pia kwamba wakati huohuo povu lilikuwa limeshafutwa. Nilisimama na taulo mkononi, sijui niamini lipi, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia mtu aliyempata mama yake kwamba labda ni povu tu.

Siku zilizofuata vipele vililala. Ngozi ikang'aa. Mama aliwaita majirani waje kuona. "Tazameni, kama mbuta ametoka ziwani sasa hivi!" Wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini nilikuwa nimeanza kuona mashavu yake ni meupe kuliko masikio. Nyuma ya magoti, ngozi ilianza kubanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake palikuwa pekundu.

Tulimpeleka kliniki, mimi na Mama. Muuguzi alimgeuza mtoto huku na huku, akauliza, "Mnamwogesha na nini?"

"Sabuni nzuri, sista," Mama akajibu kabla sijafungua mdomo.

Muuguzi akatupa mafuta ya kupaka, akamwita anayefuata. Foleni ilikuwa ndefu. Maneno yangu nikarudi nayo nyumbani. Nikisema, nitakuwa nimemvunjia heshima mama wa mume wangu, mbele ya mtoto aliyebeba jina la mamake. Na mtoto akizidiwa baada ya hapo, watasema ni chira, kwamba mama yake alikaidi wakubwa na mwiko ukamrudia mtoto. Nisiposema, je? Nilimwona binti yangu akiwa na miaka saba, uso una mabaka, akiniuliza ni nani alimfanya hivyo.

Asubuhi iliyofuata karai lilikuwa uani. Mama alikuwa ameketi kigodani, mtoto uchi mapajani mwake, sabuni tayari imelowa na maji yameshatoka povu. Nyuma ya sikio la mtoto niliona mstari ambapo rangi yake ilikuwa imeishia. Nikachuchumaa.

"Mama, nipe hiyo sabuni."

"Ya nini? Shika taulo."

"Nipe, mama. Tafadhali."

Aliniita binti wa kwetu nilikozaliwa, kama wanawake wa Kijaluo wanavyoitwa wakikumbushwa kwamba ni wageni. "Nyar Kendu. Unajua nimelea wangapi kwa mikono hii?"

"Najua. Ndiyo iliyomlea baba yake. Mikono yako siiogopi. Naogopa sabuni."

"Una hakika nayo?"

"Sina."

"Huna!"

"Sina, mama. Na nikikosea, nilaumu mimi, useme mbele ya boma lote. Lakini haitamgusa tena."

Dada mmoja aliyekuwa akianika nguo alisimama na shuka mkononi. Mama hakunipa ile sabuni. Aliiweka juu ya jiwe, kando ya mguu wake, akatazama pembeni.

Niliichukua. Ilikuwa inateleza, ikaniponyoka na kuanguka vumbini. Nikaiokota, nikaingia ndani kuichukua ile ya maua pia, nikazipeleka zote mbili chooni, nikazitumbukiza shimoni. Niliporudi, nikamwaga yale maji ya povu, nikasuuza karai mara kadhaa, nikatia maji safi ya birika, nikayapima kwa kiwiko.

Mama alikuwa hajainuka. Alimteremsha mtoto karaini bila kuniangalia, akamshika kichwa kisizame. Nikachota maji matupu kwa kiganja, nikaanza shingoni.