Mche Ulioachwa Uani kwa Saumu

Katika mji wa Nyeri, uliozungukwa na kahawa pande zote, mtu aliyetaka kuinywa ilimbidi ateremke mtaa wa Majengo, kwa Saumu binti Jumaa. Wenye mashamba walikunywa chai. Kahawa waliichuma, wakaipeleka kiwandani, wakaigombania kwenye mikutano ya ushirika, kisha wakarudi nyumbani kuitisha chai ya maziwa. Saumu hakuona ajabu. Ajabu kwake ilikuwa watu kumaliza siku nzima bila kitu kichungu kinywani.

Dele lake la kahawa lilikaa juu ya jiko la makaa mlangoni pa chumba chake, karibu na msikiti. Wateja wake walikuwa wazee waliotoka kuswali, madereva wa malori, na Wasike, bwana shamba kutoka Bungoma, aliyekunywa vikombe vya kwanza kwa adabu na vilivyofuata kwa mazoea. Chumba chenyewe kilikuwa cha udongo, cha kupanga, na humo ndimo mumewe alimofia. Hakuwa na kwingine. Watu wa Majengo hawakuwa na ukoo wa kuwagawia shamba. Walikuwa na Majengo, basi.

Mwenye ploti alikuwa Ndungu, mkulima mkubwa wa kahawa kule Tetu. Siku moja alikuja kuchukua kodi, pikapu yake imejaa miche ya kahawa. Mmoja ulikuwa umepinda shingo. Akautupa uani.

"Hii imekufa, mama. Pea kuku."

Saumu hakuwa na kuku. Akaupanda kando ya ukuta, akawa anaumwagia kahawa iliyobaki chini ya dele. Shee, muuza kashata jirani yake, alimwambia kwamba anamlisha mtoto nyama ya babu yake. Mti haukujali. Ulishika, ukanyooka, ukazaa.

Kisha ukaja ule mwaka baridi ilipoichoma kahawa ya Brazili, na bei ya huku ikapanda hadi watu wakaogopa. Wenye mashamba walinunua pikapu, wakaezeka mabati mapya, wengine wakaoa tena. Ndungu, aliyekuwa na pikapu na mke wa kumtosha, aliamua kujenga nyumba ya mawe Majengo. Alikuja na fundi, akasimama mlangoni.

"Mama, hapa tunabomoa. Mwisho wa mwezi uwe umetoka."

"Haya, Bwana Ndungu," Saumu akasema. Akaingia ndani, akakaa kitandani. Aliogopa kuliko siku aliyofiwa, kwa maana siku ile alikuwa na pa kulilia.

Nje, Wasike aliweka kikombe chini.

"Na huu mti, mzee, uko na kibali ya kuung'oa?"

"Mti gani?"

"Wa kahawa. Uko kwa ploti yako. Ukibomoa hii ukuta, umeung'oa."

Ndungu akacheka, kisha akaacha kucheka. Sheria ilikataza mtu kung'oa kahawa bila kibali, na aliyeijua zaidi ya wote ni yeye. Jirani yake Wamae alipong'oa mstari mmoja apande viazi, Ndungu ndiye aliyesimama kwenye baraza la chifu, akamshtaki kwa sauti kubwa, akatangaza kwamba kahawa ni mali ya taifa na mti ni mti. Wamae alitozwa faini. Tangu hapo alikuwa akingoja tu Ndungu akosee.

"Lakini hii ilipandwa bila ruhusa!"

"Hiyo pia ni kosa," Wasike akakubali. "Tutauliza nani alileta mche."

Ndungu akaomba kibali. Maombi yalikwenda Nairobi, yakakaa huko. Nyumba ya mawe ilijengwa, ikafika kwa Saumu, ikapinda, ikaendelea upande wa pili. Likabaki tumaini moja, mti ufe wenyewe, na kila mwezi Ndungu alikuja kuukagua.

Saumu aliacha kuupenda mti ule tangu siku Ndungu alipokuja na fundi, akaanza kuuogopa. Upepo ukivuma, anatoka kuutazama. Jani likianguka, analiokota na kulificha.

Hata hivyo mgeni ni mgeni, akampa Ndungu kikombe. Ndungu akaonja, akafumba macho.

"Ngai! Ati hii ndiyo kitu wazungu wanalipia?"

"Ndiyo hiyo."

"Na hawalazimishwi?"

Mwezi uliofuata aliitisha kikombe kabla ya kuutazama mti.

Mvua za mwaka wa pili zilipoisha, majani yaliota unga wa rangi ya kutu upande wa chini. Wasike alikuwa amehamishiwa Timau, kwenye ngano. Saumu akayaosha kwa sabuni, nayo yakazidi kupukutika. Siku ya ukaguzi ilipofika, Ndungu alimkuta Saumu amesimama mbele ya mti, leso ameitandaza kwa mikono yote miwili.

Ndungu akamsogeza. Akageuza jani, akalisugua kwa kidole gumba. Saumu alisubiri acheke. Ndungu akafyonya.

"Nani alikufunza kuosha kahawa na sabuni?"

Akaenda kwenye pikapu, akarudi amebeba bomba la dawa ya buluu mgongoni, juu ya koti la kanisani. Alipuliza jani kwa jani, juu na chini, akakata matawi yaliyosongana, huku akigomba kwamba kahawa inataka kupumua na huyu mama ameifanya msitu. Koti likawa la buluu.

"Bwana Ndungu," Saumu akasema, "si ungeuacha tu?"

Ndungu akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mamake.

"Niache kahawa ikufe na niko na dawa?"

Akaketi kwenye benchi, mikono ya buluu magotini, akaitisha kikombe. Saumu akamimina. Nusu ikamwagika kwenye makaa, akamimina tena, na machozi hakuyafuta.

"Mwezi ujao ni kupuliza tena," Ndungu akasema, akipoza kahawa yake. "Usiende mahali."